Mashine Mpya, Gorogoro Jipya: Historia Fupi ya Leseni za Hifadhidata

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na kilichoninyamazisha ndicho ninachotaka kuwasimulia leo.

Niliitwa na Sacco moja ya huku Bonde la Ufa niwasaidie kuhamisha hifadhidata yao kutoka kwenye seva kuukuu hadi seva mpya. Ile ya zamani ilikuwa na prosesa 2, kila moja ikiwa na viini 4, na ilikuwa ikiendesha SQL Server 2008 R2, toleo la Standard. (Kiini ni ile sehemu ya prosesa inayofanya hesabu yenyewe. Prosesa za zamani zilikuwa na kiini kimoja. Za leo zina vingi ndani ya kipande kimoja.) Mimi ndiye niliyeandika orodha ya vifaa vya kununua. Nikaandika, kwa furaha ya mtu anayetumia pesa za wenzake, prosesa 2 zenye viini 16 kila moja. Nilijiambia kwamba seva hii itawafaa miaka 10.

Bei ya vifaa ilirudi kama tulivyotarajia. Lakini chini yake kulikuwa na mstari mwingine: leseni za SQL Server 2022 Standard, viini 32. Microsoft huuza leseni hizo kwa pakiti za viini 2, na bei yake ya orodha ilikuwa dola 3,945 kwa pakiti. Pakiti 16 ni dola 63,120. Kwa shilingi hiyo ni zaidi ya milioni 8.

Mwenyekiti aliisoma ile karatasi mara mbili, akavua miwani, akaniuliza: "Kijana wangu, si ulituambia tunabadilisha mashine tu? Programu si ni ile ile?"

Sikuwa na jibu. Nimesoma sayansi ya kompyuta miaka 4, nikafundishwa SQL na namna faharasa za hifadhidata zinavyopangwa kwenye diski, lakini sikumbuki siku hata moja ambapo mhadhiri alitaja leseni. Basi nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, na nilichokuta ni historia ya zaidi ya miaka 50.

Kabla hatujaanza, fikiria sokoni. Mama anauza mahindi kwa gorogoro. Bei ya gorogoro moja inaweza kukaa pale pale msimu mzima, na ukaona mambo ni shwari. Mnunuzi mzoefu hatazami bei peke yake. Anaugeuza ule mkebe aone kama chini umebonyezwa. Leseni za hifadhidata ndivyo zilivyo. Watu hubishana juu ya bei, lakini pesa nyingi zimepotea pale kipimo chenyewe kilipobadilishwa, na karibu kila mara kilibadilishwa kwa sababu vifaa navyo vilikuwa vimebadilika.

Programu ilipoanza kuwa na bei

Katika miaka ya 1960, aliyekodi kompyuta kubwa ya IBM alipata programu, mafunzo na mafundi ndani ya bei moja. Programu haikuwa na bei yake. Januari 1969 serikali ya Marekani iliishtaki IBM kwa kuhodhi soko, na tarehe 23 Juni mwaka huo huo kampuni ikatangaza kwamba itatenganisha bei ya baadhi ya programu na huduma na bei ya mashine. Hapo ndipo biashara ya kuuza programu peke yake ilipopata nafasi ya kukua.

Lakini programu haipimwi kwa kilo. Utaitoza vipi? Jibu la kwanza lilikuwa rahisi: kwa mashine. Leseni za IBM ziliitaja mashine ambayo programu ingeendeshwa. Ukiipeleka programu kwenye mashine nyingine, hilo lilikuwa jambo la kujadiliana upya. Kwa hiyo swali la mwenyekiti wangu lina umri mkubwa kuliko mimi na yeye tulivyodhani.

Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alichapisha makala yake juu ya kupanga data katika majedwali yenye uhusiano. Mwaka 1977 Larry Ellison, Bob Miner na Ed Oates walianzisha kampuni ambayo baadaye iliitwa Oracle, na mwaka 1979 wakaanza kuuza hifadhidata inayotumia SQL. Waliiita toleo la 2, ingawa toleo la 1 halikuwahi kuuzwa. Mwaka 1983 waliiandika upya kwa lugha ya C ili iweze kuendeshwa kwenye kompyuta za aina nyingi. Hilo lilikuwa jambo kubwa kiufundi, na kibiashara lilileta ugumu: kama programu ile ile inakaa kwenye mashine ndogo na kubwa, bei ifuate nini?

Kuhesabu watu

Miaka ya 1980 na 1990 kipimo kilichoeleweka zaidi kilikuwa watu. Ofisi ina makarani 40 wenye kompyuta mezani, wote wanazungumza na seva moja, basi lipia watu 40. Ukinunua seva yenye nguvu mara mbili, watu bado ni 40. Kwa mteja anayehama mashine, hicho kilikuwa kipimo cha starehe.

Kilichokiharibu ni intaneti. Duka linapofungua tovuti, watumiaji wake ni akina nani? Ni yeyote duniani. Tena wote wanapita katika programu moja ya katikati, ambayo kwa hifadhidata inaonekana kama mtumiaji mmoja tu. Wauzaji waliliona hilo mapema, wakaweka masharti kwamba kuwapitisha watu kwenye mlango mmoja hakupunguzi idadi ya watu. Sharti hilo lingali hai, nasi tutakutana nalo tena tukirudi kwenye Sacco.

Kama watu hawahesabiki, kinabaki chuma. Microsoft ilileta leseni ya prosesa katika SQL Server 2000. Oracle nayo ilipita njia ya ajabu zaidi.

Kuhesabu megahezi

Karibu na mwaka 2000 Oracle iliuza hifadhidata kwa kipimo ilichokiita "power unit", yaani kizio cha nguvu. Unachukua idadi ya prosesa, unazidisha kwa kasi yake katika megahezi, kisha unazidisha kwa namba inayotegemea aina ya prosesa. Hayo ndiyo malipo yako.

Piga hesabu. Seva ya prosesa 4 za Intel zenye megahezi 500 ni vizio 2,000. Machi 2000 AMD na Intel, wakipishana kwa siku chache tu, walitangaza prosesa za megahezi 1,000. Ukihamia seva ya prosesa 4 za aina hiyo, sasa una vizio 4,000. Hujaongeza mteja, wala jedwali, wala karani, lakini deni limekuwa maradufu kwa sababu fundi wa Intel amefanya kazi nzuri.

Wateja walilalamika sana. Juni 2001, wakati wa kutoa Oracle 9i, kampuni iliachana na megahezi ikahamia prosesa: dola 40,000 kwa prosesa moja kwa toleo la Enterprise na dola 15,000 kwa Standard. Sasa mteja alipumua. Kila mwaka prosesa zilikuwa zikiongeza kasi, na leseni yake ilibaki moja. Kwa miaka michache kuhamia mashine mpya kulikuwa na faida tupu.

Kiini kimoja kikawa viwili

Raha hiyo ilikatizwa na joto. Kadiri kasi ya prosesa ilivyopandishwa, ndivyo ilivyokula umeme na kuchemka. Oktoba 2004 Intel ilifuta mpango wake wa Pentium 4 ya gigahezi 4. Njia iliyobaki ilikuwa kuweka viini viwili ndani ya prosesa moja. IBM ilikwishafanya hivyo mwaka 2001 kwa POWER4, na mwaka 2005 AMD na Intel wakaleta viini 2 kwenye seva za kawaida.

Likazuka swali ambalo mikataba haikuwa imelijibu vizuri: prosesa ni nini? Ni kile kipande unachokichomeka kwenye soketi, au ni kila kiini kilichomo ndani yake?

Oktoba ile ile ya 2004 Microsoft ilitangaza kwamba itahesabu soketi, viini viwe vingapi. Oracle ilisema kila kiini ni prosesa. Maana yake ni kwamba aliyebadilisha prosesa 2 za zamani kwa 2 za viini viwili alidaiwa leseni 4, ingawa viini viwili havikumpa kazi mara mbili kamili. Julai 2005 Oracle ililegeza kidogo, ikasema zidisha idadi ya viini kwa 0.75. Desemba mwaka huo ikatoa jedwali: 0.5 kwa prosesa za Intel na AMD, 0.25 kwa UltraSPARC T1 ya kampuni ya Sun iliyokuwa na viini 8, na 0.75 kwa nyingine kama POWER5 ya IBM. Mwaka 2006 IBM nayo ilileta mfumo wa alama kwa kila kiini: alama 100 kwa kiini cha POWER5, na 50 kwa kiini cha Xeon au Opteron ya viini viwili.

Naomba tusimame hapa kidogo. Toka mwaka huo, kumshauri mteja ni seva gani anunue hakukuwa tena kazi ya uhandisi peke yake. Mashine mbili zenye kasi moja zingeweza kudaiwa leseni tofauti kabisa kwa sababu ya namba moja kwenye jedwali ambalo muuzaji wa programu anaweza kulibadilisha anapotaka.

Mwaka 2012

Uamuzi wa Microsoft wa kuhesabu soketi uliwafurahisha wengi kwa miaka 7 hivi. Viini vilipanda kutoka 2 hadi 4, 6, 8 na 10. Novemba 2011 AMD ilitoa Opteron za viini 16. Mteja alikuwa akibadilisha seva na kupata nguvu mara nne kwa leseni ile ile. Ukilitazama kwa jicho la muuzaji, kila seva mpya ilikuwa ikimnyima mauzo.

SQL Server 2012 ilipotoka, leseni ya prosesa ilikuwa imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na leseni ya kiini. Toleo la Enterprise lilikuwa dola 6,874 kwa kiini, na kila prosesa ilipaswa kulipiwa viini visivyopungua 4. Zidisha 6,874 kwa 4 upate dola 27,496, kiasi ambacho kilikuwa karibu sawa kabisa na bei ya prosesa nzima hapo awali. Kwa hiyo mwenye prosesa ya viini 4 hakuona tofauti. Mwenye viini 8 aliiona mara mbili, na mwenye 16 mara nne, ingawa kwa baadhi ya prosesa za AMD Microsoft ilikubali kuzidisha kwa 0.75. Bei ya gorogoro haikuguswa. Mkebe ndio uliobadilishwa.

Waliokuwa wakilipa mkataba wa matengenezo wa kila mwaka waliruhusiwa kuhesabu viini vya seva walizokuwa nazo, wakapewa leseni za viini hivyo bila malipo zaidi. Waliokuwa wamenunua leseni mara moja tu, bila mkataba huo, walibaki na leseni ya toleo lao la zamani. Sacco yangu ilikuwa kundi hili la pili.

Oracle nayo haikubaki nyuma. Mwaka 2008 prosesa ya Enterprise ilipanda hadi dola 47,500. Mwaka 2015 toleo lake la bei nafuu likawa Standard Edition 2, ambalo huruhusiwa kwenye seva ya soketi 2 tu na hujizuia lenyewe lisitumie zaidi ya nyuzi 16 za prosesa. Mwaka 2016 Windows Server ikahamia viini pia, kila seva ikilipiwa viini visivyopungua 16.

Mnyororo wenyewe

Sasa naweza kumjibu mwenyekiti. Leseni zao mbili za prosesa za SQL Server 2008 R2 hazijafa. Ni halali, na kwa mujibu wa sheria zake zingeweza kuhamia kwenye prosesa 2 za viini 16 bila senti kuongezeka. Kilichowafunga ni mnyororo.

Seva mpya hazitengenezewi tena madereva ya Windows Server 2008 R2. Ukizinunua, itakubidi uweke Windows mpya. Windows mpya haitambui rasmi SQL Server 2008 R2, na hata ingeitambua, msaada wa toleo hilo ulikwisha Julai 2019, na Sacco yenye pesa za watu haiwezi kukaa bila marekebisho ya usalama. Kwa hiyo chuma kipya kinadai Windows mpya, Windows mpya inadai hifadhidata mpya, na hifadhidata mpya inahesabiwa kwa kipimo ambacho hakikuwepo walipoinunua ile ya kwanza. Mashine ikifa tu, mnyororo wote unavutwa.

Niliuliza kama wanaweza kurudi kwenye kuhesabu watu, kwa kuwa toleo la Standard bado linauzwa hivyo na wafanyakazi wao hawafiki 30. Ilionekana nafuu kweli, mpaka nikakumbuka kwamba wanachama huangalia salio kwa simu. Wote wanapita katika programu moja, lakini lile sharti la mlango mmoja linasema kila mwanachama ni mtumiaji. Wanachama ni maelfu.

Jambo jingine lilinitoa jasho. SQL Server 2022 Standard hutumia viini visivyozidi 24. Kwenye ile seva niliyoiandika mimi, wangelipia viini 32 na 8 kati yake hifadhidata isingevigusa kamwe.

Tulivyomaliza

Bahati nzuri seva ilikuwa bado karatasi. Niliifuta orodha nikaandika nyingine: prosesa 1, viini 8, kasi kubwa. Prosesa za namna hii hazipo kwa bahati. Agosti 2019 AMD ilitoa EPYC za viini 64, na mapema 2020 VMware ikatangaza kwamba leseni moja ya prosesa itatosha viini 32 tu. Aprili mwaka huo AMD ikaleta EPYC 7F32, yenye viini 8 tu vinavyokimbia gigahezi 3.7. Mtengenezaji anayejua kuweka viini 64 anauza 8, kwa sababu anajua mnunuzi analipia programu kwa kiini. Leseni zimeanza kuamua umbo la chuma.

Viini 8 ni pakiti 4, yaani dola 15,780 badala ya 63,120. Windows haikushuka chini ya viini 16 vyake vya lazima, na soketi moja inamaanisha nafasi chache za kumbukumbu, lakini toleo la Standard la 2022 huhifadhi data kwenye kumbukumbu kwa gigabaiti 128 tu, kwa hiyo hilo halikutuumiza. Viini vile 8 vipya vinawashinda 8 vya zamani kwa mbali. Hesabu za gawio zilizokuwa zikikesha sasa zinakwisha jioni.

Najua kuna msomaji anayesema: kwa nini msihamie programu huria? Ni swali la haki. PostgreSQL, ambayo asili yake ni mradi wa Michael Stonebraker pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, haijali viini. Kimoja au 128, leseni ni ile ile na haina bei. MySQL ilianza mwaka 1995, Sun ikainunua kwa dola bilioni 1 mwaka 2008, na Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010 ikawa mali yao, lakini leseni yake ya GPL ilikwishawapa watu haki ya kuichukua na kuiendeleza, ndiyo maana leo tuna MariaDB. Kwa mradi mpya mimi huanza na PostgreSQL. Lakini mfumo wa Sacco hii ulitengenezwa kwa SQL Server, na kuuandika upya kungegharimu zaidi ya leseni. Uamuzi ule ulifanywa miaka 12 iliyopita na watu ambao hawako tena.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiitwa kuhamisha seva, usianze na orodha ya vifaa kama mimi. Tafuta kwanza mkataba wa leseni, hata kama uko kwenye kabati ambalo funguo zake hazijulikani ziko wapi. Uliza mambo matatu: tulinunua kwa kipimo gani, tunalipa mkataba wa matengenezo au hatulipi, na toleo jipya linapimwa kwa nini leo. Kisha ndipo uchague prosesa.

Mwenyekiti alisaini ile orodha ya pili. Alipokuwa akinirudishia kalamu aliniuliza, "Na mashine hii ikichoka, wakati huo watakuwa wanahesabu nini?" Nikamwambia sijui, ila leseni tumeitoa nakala tatu, moja iko kwake.

Kama nawe umekutana na haya kazini kwako, niandikie. Tukutane makala ijayo.